Kiharusi bila CT ya karibu: skeli ipi itatuambia mgonjwa atakuwaje baada ya miezi mitatu?

tabibu_pangani ameuliza:

Wakuu, habari za zamu. Naomba mawazo ya waliobobea. Wodi ni ya hospitali ya wilaya huku mkoa wa Tanga, CT (mashine ya picha ya ubongo) haipo, na mgonjwa akipewa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya mkoa, ndugu wanaweza kuchukua siku mbili kujipanga. Wengine hawaendi kabisa. Siku ile ile ya kwanza maswali yanaanza: mzee ataamka? Atatembea? Huu mkono utarudi?

Kwenye faili tunajaza GCS (skeli ya fahamu) tu, baada ya hapo kila mtu anatabiri kwa uzoefu wake. Daktari wa asubuhi anasema hali mbaya, wa jioni anasema atapona, ndugu wanabaki katikati. Tunataka fomu moja ya ukurasa mmoja. Tuweke NIHSS (skeli ya ukubwa wa kiharusi)? Siriraj inatosha kubashiri kama ni damu imevuja au mshipa umeziba? Na zile asilimia za vitabuni, je, ni sahihi kumtajia ndugu wa mgonjwa wa hapa?

mzee_wa_neva:

Dokta, anza kwa kuyatenganisha maswali. Ataishi, atajitegemea, atatembea, mkono utarudi: hayo ni manne, na hakuna skeli moja inayoyajibu yote. GCS ilitoka Glasgow mwaka 1974 kwa ajili ya kupima kina cha fahamu. Inakuambia kitu juu ya kuishi, juu ya mkono haikuambii lolote.

Kabla ya kuhesabu alama hata moja, pima sukari ya kidoleni. Sukari ikishuka inaweza kulegeza upande mmoja ukadhani ni kiharusi kikubwa. Uliza pia kama alipata degedege kabla ya kuletwa, na kama huko alikotoka alidungwa diazepam. Alama za mgonjwa aliyelazwa na dawa ni alama za dawa. Rudia dawa ikiisha nguvu.

Baada ya hapo ndiyo NIHSS. Ni 0 hadi 42. Kwa mshipa ulioziba, 16 kwenda juu siku ya kwanza ni dalili kubwa ya kifo au ulemavu mzito, na 6 kushuka chini wengi hurudi vizuri. Kati ya hapo usijifanye mtabiri, ukungu ni mwingi. Makosa ninayoyaona kwenye mafaili ni haya:

Mkono unashikiliwa hewani sekunde 10, nyuzi 45 mgonjwa akiwa amelala au 90 akiwa amekaa. Mguu nao sekunde 10 ukiwa nyuzi 30. Hesabu kwa sauti na kwa vidole mbele ya macho yake. Ukishuka bila kugusa kitanda ni 1. Ukianguka kitandani lakini alijitahidi kuuinua ni 2. Ukicheza tu juu ya shuka bila kuinuka ni 3. Usipocheza kabisa ni 4.

Kipengele cha kuyumba kwa viungo: mgonjwa aliyepooza kabisa au asiyeelewa maelekezo anapata 0, siyo 2. Hapa ndipo watu wanajiongezea alama. Kuyumba huandikwa pale tu unapokuona, na kuzidi udhaifu uliopo.

Usimfundishe mgonjwa jibu, wala usirudi kubadili alama kwa sababu jaribio la pili amefanya vizuri zaidi. Andika ulichokiona, siyo unachodhani anaweza.

fizio_ngamiani:

Mkuu @mzee_wa_neva, shikamoo, ila hapo kwenye mguu rekebisha. Mguu ni sekunde 5. Mkono ndio 10. Ukimshikisha mguu sekunde 10 utampa alama 1 mtu ambaye kwa kanuni ni 0, na wodi nzima itaonekana na wagonjwa wagumu kuliko walivyo.

mzee_wa_neva:

Marahaba. Sahihi kabisa, mguu ni 5. Fomu iandikwe hivyo.

sista_bagamoyo:

Naongezea upande wa lugha na saa, kwa sababu fomu ikitafsiriwa neno kwa neno inaharibika.

Saa kwanza. Ndugu akisema "ilianza saa nne asubuhi", kuna anayeandika 04:00. Ni 10:00. Saa sita zimepotea hapo, na skeli zinazohesabu muda zitakudanganya. Andika kwa Kiswahili kwanza, "saa 4 asubuhi", halafu ubadili. Na aliyeamka kwa adhana ya alfajiri akakuta upande haufanyi kazi, muda wake hauanzi alfajiri. Unaanza mara ya mwisho alipoonekana mzima, labda baada ya swala ya isha. Swali zuri ni hili: "Nani alizungumza naye mara ya mwisho akiwa mzima, na ilikuwa wakati gani?"

Kipengele cha NIHSS cha kuuliza mwezi na umri nacho kina mtego. Huku pwani mzee anaweza kukujibu "Mfunguo Tatu", mwezi wa kalenda ya Kiislamu. Kama kweli ndio mwezi uliopo, amejibu sawasawa. Asiyejua kalenda hiyo amuulize mwenzake kabla ya kumkata alama. Umri ni mgumu zaidi, wapo wasioujua tangu wakiwa wazima. Muulize ndugu pembeni: kabla ya kuugua, ukimuuliza umri alikuwa anajibu nini? Jibu lile lile alilozoea lihesabiwe sahihi, na andika kwenye faili kwamba ndivyo mlivyoamua, ili zamu ya usiku isihesabu vingine. Hilo ni kanuni yetu ya ndani, skeli yenyewe haijaandika.

Kadi ya picha ambazo mgonjwa anatakiwa kuzitaja ina kaktasi na machela ya kubembea. Bibi wa Mkinga asipoitaja kaktasi hujui ni kiharusi au hajawahi kuiona. Ufunguo, kiti na unyoya hazina shida. Mbili hizo badilisheni kwa kata na ungo, ila picha ziwe zile zile kwa kila mgonjwa na kila zamu. Ya matamshi pia msitafsiri maneno ya Kiingereza. Kinachotafutwa ni midomo, ncha ya ulimi na nyuma ya ulimi, kwa hiyo chukueni maneno yenye sauti hizo: "mama", "papa", "tatu", "dada", "kaka", "gogo", kisha moja refu kama "kipilipili". Na kabla ya kuandika kwamba amepoteza lugha, hakikisheni mmemsemesha kwa lugha yake. Msambaa au Mdigo mwenye umri mkubwa, kiharusi kikimshika, Kiswahili kinaweza kupotea zaidi kuliko lugha ya nyumbani. Muiteni mtoto wake amuulize.

mzee_wa_neva:

Sista amemaliza. Niongeze udhaifu mmoja wa NIHSS wenyewe. Alama 7 kati ya 42 zinategemea lugha, na kupuuza upande mmoja kumepewa 2 tu. Kwa hiyo kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kuwa kikubwa kuliko namba inavyosema. Mbaya zaidi ni kiharusi cha nyuma, serebelamu na shina la ubongo. Mgonjwa anatapika, dunia inamzunguka, hawezi kusimama, na NIHSS yake ni 1 au 0, kwa sababu vipimo vyote vinafanyika kitandani. Lazima umkalishe, na ikiwezekana umsimamishe. Huyo wa alama 1 ndiye anayeweza kubadilika siku ya pili au ya tatu uvimbe ukikandamiza shina la ubongo. Msimpeleke nyumbani kwa sababu ya namba ndogo.

Rudieni kipimo baada ya saa 24, kisha siku ya 7 au siku ya kuruhusiwa. Kikipanda kwa alama 4 au zaidi mgonjwa amezorota: tafuteni sababu (homa, sukari, kupaliwa, degedege, damu kuvuja) badala ya kuandika tu namba mpya.

Kwa swali la kujitegemea baada ya miezi 3 kuna ASTRAL, ya Lausanne, ilichapishwa 2012. Haihitaji picha kuhesabiwa, ingawa imetengenezwa kwa mshipa ulioziba tu. Umri: alama 1 kwa kila miaka 5. NIHSS: kama ilivyo. Kufika baada ya saa 3: 2. Kasoro ya uwanja wa kuona: 2. Sukari zaidi ya 7.3 au chini ya 3.7 mmol/L: 1. Fahamu kupungua: 3.

Mfano: miaka 60, NIHSS 12, kafika saa 6 baada ya kuanza, sukari 8.5, macho yanaona pande zote, yuko macho. 12 + 12 + 2 + 1 = 27. Angekuwa na usingizi mzito na haoni upande mmoja, inafika 32. Alama 31 ndipo uwezekano wa kubaki tegemezi au kufa unakuwa nusu kwa nusu. Angalia lakini: kwa wagonjwa wetu ile 2 ya kuchelewa karibu kila mtu anaipata, kwa hiyo haitofautishi mgonjwa na mgonjwa.

Zamu ikizidiwa, kuna ile ya vigezo sita vyepesi, iliyotokana na wagonjwa wa Oxfordshire: umri, kama alikuwa akiishi peke yake, kama alikuwa akijitegemea kabla, kama anaongea bila kuchanganyikiwa, kama anainua mikono yote miwili, kama anatembea bila msaada. Hakuna kifaa hata kimoja hapo. Kigezo cha kuishi peke yake ndicho kisichokaa vizuri huku kwetu, nyumba nyingi zina watu.

tabibu_pangani:

Nashukuru sana. Sista, hilo la saa limetugusa. Na Siriraj je? Wengi wetu tunaitumia kuamua nani aanze aspirini.

mzee_wa_neva:

Siriraj siyo ya kutabiri, ni ya kukisia aina ya kiharusi. Ilitengenezwa Thailand. Hesabu yake: fahamu (0 macho, 1 usingizi, 2 hajitambui) mara 2.5, ongeza kutapika mara 2, ongeza kichwa kuuma ndani ya saa 2 mara 2, ongeza presha ya chini mara 0.1, toa 3 kama ana kisukari, maumivu ya kifua ya moyo au maumivu ya miguu akitembea, kisha toa 12. Zaidi ya 1 ni damu, chini ya hasi 1 ni kuziba, katikati haijulikani.

Sasa mchukue mtu yuko macho, hajatapika, kichwa hakimuumi, presha yake ni 220 kwa 135. 13.5 toa 12 ni 1.5. Skeli inasema damu imevuja, na mtu hana dalili nyingine yoyote. Presha za namna hiyo siyo ngeni wodini kwenu, wengi hawajawahi kumeza dawa ya presha. Upande wa pili, ile 3 ya kutoa inategemea mgonjwa awe anajua ana kisukari. Asiyewahi kupimwa haitolewi, anasukumwa tena upande wa damu. Makosa yote mawili yanaelekea upande mmoja. Usiitumie kuanzisha aspirini wala kuizuia. Itumie, ukipenda, kupanga nani apewe nafasi ya kwanza ya gari kwenda kwenye CT.

Picha ikirudi na ni damu, achana na ASTRAL. Tumia skeli ya ICH (damu kuvuja ndani ya ubongo) ya mwaka 2001, ni 0 hadi 6: GCS 3 hadi 4 alama 2, 5 hadi 12 alama 1, damu ya ml 30 au zaidi 1, damu kuingia kwenye vyumba vya maji ya ubongo 1, chanzo chini kwenye serebelamu au shina la ubongo 1, miaka 80 au zaidi 1. Ujazo: urefu mara upana mara kimo, gawa kwa 2, vyote kwa sentimita. Vipande 6 vya picha vyenye unene wa milimita 5 ni kimo cha sentimita 3, siyo 30. Sentimita 5 kwa 4 kwa 3 inatoa ml 30, tayari alama 1. Kipande ambacho damu yake ni chini ya robo ya ile ya kipande kikubwa usikihesabu. Cha robo hadi robo tatu hesabu nusu.

Mtego wa GCS hapa: mtu macho wazi, anafuata maelekezo, ila kapoteza lugha, atapata E4 (macho) V1 (kuongea) M6 (viungo), jumla 11, na papo hapo skeli inampa alama ya fahamu mbovu. Andikeni vipande vitatu, siyo jumla peke yake.

Katika wagonjwa 152 wa San Francisco ambao ilitengenezwa kwao, alama 1 walikufa 13% ndani ya siku 30, alama 2 26%, alama 3 72%, alama 4 97%. Namba hizo zinatisha na zinatumika vibaya. Mgonjwa akiandikwa 4, mpira wa kulishia haupitishwi, hageuzwi, dawa ya presha inasahaulika, anakufa, halafu tunasema skeli ilikuwa sahihi. Mwongozo wa Marekani wa 2022 unataka uamuzi mpya wa kupunguza matibabu usubiri angalau hadi siku ya pili kamili ya kulazwa. Kwetu, ambapo picha yenyewe inachelewa, kusubiri ni lazima zaidi.

fizio_ngamiani:

Kwa swali la mkono na kutembea msitumie NIHSS ya siku ya kwanza. Subirini siku ya 3, saa 72. Vipimo vyenyewe havihitaji hata karatasi.

Mkono: mgonjwa akae ameegemea vizuri. Mwambie anyanyue bega kwa pembeni, kisha anyooshe vidole. Kila kimoja kipe nguvu 0 hadi 5, jumlisha. Jumla ya 5 au zaidi kwa aliye chini ya miaka 80, tegemea mkono urudi vizuri sana ndani ya miezi 3. Chini ya 5, hatua inayofuata ya njia hiyo inahitaji mashine ya sumaku ambayo hamna, basi semeni "bado hatujui" na mpime tena siku ya 9. Utafiti wa Uholanzi: waliokuwa na chochote cha bega na cha kunyoosha vidole ndani ya saa 72, 98% walipata matumizi fulani ya mkono kwa miezi 6. Wasiokuwa navyo, 25%, na wakifika siku ya 9 bado havipo, 14%. Zingatieni "matumizi fulani". Kushika kikombe siyo kukuna nazi.

Kosa kubwa hapa ni vidole. Ndugu anaona vidole vinajikunja anasema mkono umerudi. Kukunja siyo kunyoosha. Shikilia kifundo kikiwa kimenyooka, kwa sababu kifundo kikikunjwa vidole vinajinyoosha vyenyewe kwa mvuto wa mishipa ya nyama, na wewe utaandika 2 ya bure.

Kutembea: mkalishe ukingoni mwa kitanda, miguu isiguse sakafu, mikono mapajani, sekunde 30 bila kushikwa. Kitanda chenye godoro lililobonyea katikati kitamwangusha hata mzima, weka ubao au mtoe kwenye benchi refu. Akiweza kukaa na mguu dhaifu una nguvu kiasi, 98% ya wenzake kule Uholanzi walitembea wenyewe miezi 6 baadaye. Asiyeweza yote mawili siku ya 3, 27%. Siku ya 9 bado hawezi, 10%.

Mgonjwa ambaye hajawahi kukalishwa siku tatu kwa sababu "apumzike" hawezi kupimwa. Mkalisheni kwanza.

sista_bagamoyo:

Na kuna skeli moja ambayo muuguzi anaweza kuifanyia kazi leo leo: A2DS2, inabashiri nimonia. Miaka 75 na zaidi 1, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ya atria 1, shida ya kumeza 2, mwanaume 1, NIHSS 5 hadi 15 alama 3, 16 kwenda juu alama 5. Jumla ya juu ni 10. Mwenye alama nyingi hapewi uji kitandani na shangazi kabla hajajaribiwa kumeza maji akiwa amekaa wima. Andikeni karatasi ukutani juu ya kitanda, ndugu wanabadilishana zamu kuliko sisi.

takwimu_afya:

Nijibu lile la asilimia. Skeli ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupanga wagonjwa, nani yuko hatarini kuliko nani. Hiyo husafiri vizuri kutoka nchi hadi nchi. Ya pili ni kutaja namba halisi, 26% au 72%, na hiyo haisafiri: inategemea umri wa wagonjwa, walichelewa kiasi gani, kuna chumba cha uangalizi maalumu au hakuna. Kwa hiyo kwa ndugu semeni kwa maneno: "wengi wenye hali hii hutembea tena", "wachache". Namba za San Francisco zibaki kwenye faili.

Mkitaka namba zenu, andikeni alama za siku ya kwanza, ya 3 na ya 9, kisha mpige simu siku ya 90 mpate mRS (skeli ya ulemavu), 0 hadi 6, ambapo 6 ni kifo. Wagonjwa wakifika mia moja na kitu, gaweni makundi matatu tu, siyo kila alama na asilimia yake, na mlinganishe na kilichotabiriwa. Waliopotea kwenye simu wahesabuni peke yao. Mkiwatupa, matokeo yataonekana mazuri kuliko ukweli, maana familia iliyofiwa mara nyingi haipokei.

Kwenye simu msiulize "anaendeleaje?" Jibu litakuwa "hajambo, alhamdulillahi", na mgonjwa kalala. Ulizeni: anatembea bila mtu kumshika? Fimbo siyo mtu, mwenye fimbo anahesabika anatembea mwenyewe. Akitembea ila anahitaji kusaidiwa baadhi ya mambo, 3. Asiyetembea bila kushikwa na anahudumiwa chooni na kuoga, 4. Wa kitandani muda wote, 5. Halafu: kabla ya kuugua alikuwa anakwenda sokoni, shambani, baharini, sasa? Hapo ndipo 1 na 2 zinatengana.

tabibu_pangani:

Kuna wanaolishwa na kuogeshwa kwa heshima tu, siyo kwamba hawawezi. Hao tunawapa ngapi?

fizio_ngamiani:

Kwa Barthel, skeli ya kujihudumia, ile ya 0 hadi 100, kanuni ni anachofanya, siyo anachoweza. Akilishwa, amelishwa. Andika alama kama ilivyo, na pembeni weka herufi H, ili anayesoma ajue kuna kilichofichwa na fizio aongee na familia. Cha ngazi kitawasumbua pia, nyumba nyingi za Ngamiani hazina ghorofa. Tumieni ngazi tatu za baraza, wodi nzima ngazi zile zile.

takwimu_afya:

Na chukueni namba mbili za simu, moja isiwe ya anayemlaza hospitali. Huyo anarudi mjini, simu ya siku ya 90 inamkuta Dar hajui chochote.